Mwezi Mchanga, Udongo Baridi

Mhadhara kwa wakulima wa bustani, Tanga, juma la kwanza la Machi

 

Nimeombwa nizungumze juu ya swali ambalo kwa miaka 30 ya ubwana shamba nimeulizwa kila kijiji, na mara nyingi nimelikwepa: je, tupande kwa kufuata mwezi? Anayeliuliza huwa keshapewa jibu na babu yake zamani. Anachotaka ni kuona kama mtu wa serikali atathubutu kumpinga babu mbele ya watu. Sasa nimestaafu, hakuna wa kunihamisha kituo, kwa hiyo leo nitajibu.

Nitaanza mbali, kusini mwa Ujerumani, nilikosoma miaka 2 nikiwa kijana. Huko ndiko nilikoikuta kanuni ya mwezi imechapwa kwa rangi na kutundikwa ukutani kama kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi. Miji yao mingi ina viwanja vidogo vya bustani vinavyokodishwa, kila kimoja na kibanda chake cha mbao, na mwanafunzi mwenye hamu ya mboga za nyumbani aliweza kupata nafasi kwa kodi ndogo. Changu kilikuwa kama ua wa nyumba ya Kiswahili hapa Ngamiani. Jirani yangu alikuwa mama mjane wa miaka 70 na ushei, mwenye viganja vigumu kama vya mvuta nyavu. Nikamwita Bibi. Alipoelezwa maana yake, aliwataka na majirani wengine wamwite hivyo.

Ilikuwa mwanzoni mwa Machi, kama leo. Theluji imeshayeyuka, udongo umelala mweusi na mzito, miti yote mikavu kama vijiti vya mishikaki. Mimi niliona hakuna kazi. Yeye alikuwa juu ya ngazi akipogolea mtufaha, anakata matawi yaliyosongamana kabla macho ya mti hayajafumbuka. Nikamuuliza mbona leo na si wiki iliyopita, maana hata wiki iliyopita jua lilikuwapo. Akasema wiki iliyopita mwezi ulikuwa unakua. Mwezi ukikua, maji ya mti hupanda na kidonda hulia. Ukipungua, maji hushuka mizizini na kidonda hukauka upesi. Akaendelea kukata.

Kanuni yenyewe ni fupi, na wengi wenu mnaijua bila kufika Ujerumani. Mwezi unapokua, tangu kuandama hadi ule wa 14, panda vinavyozaa juu ya ardhi: saladi, spinachi, kabichi, njegere, nyanya. Ukianza kupungua, panda vya chini: karoti, viazi, vitunguu, figili. Huo ndio wakati pia wa kupogolea, kung'oa magugu na kumwaga samadi. Siku za giza, mwezi usipoonekana kabisa, usiguse mbegu. Kaa unoe visu.

Msidhani ni mambo ya bibi mmoja. Cato, Mrumi aliyeandika kitabu cha kilimo zaidi ya miaka 2,100 iliyopita, anamwagiza mwenye shamba amwage samadi kwenye malisho mwanzoni mwa machipuko, wakati wa giza la mwezi. Mitini, mizeituni na mizabibu anataka iunganishwe mwezi ukiwa umenyamaza (ndivyo Warumi walivyoliita giza hilo, na mimi nalipenda neno lao), tena baada ya adhuhuri, upepo wa kusini usipovuma. Kabla yake Hesiod wa Ugiriki aliwaonya wakulima wasianze kusia siku ya 13 ya mwezi unaokua, ingawa siku hiyo hiyo aliisifu kwa kupandikiza miche. Pliny, Mrumi mwingine, aliyefariki mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, alikusanya kanuni za namna hiyo hadi za kukata mbao. Na Marekani kuna kitabu cha mwaka kiitwacho Old Farmer's Almanac, kilichoanza 1792, ambacho hadi leo huwapangia wasomaji wake siku za kupanda kwa mwezi.

Jambo lililodumu hivyo linastahili kusikilizwa. Ila kudumu peke yake si ushahidi. Mbu naye amedumu.

Tuichukue kwanza hoja ya maji, maana ndiyo inayotajwa zaidi. Mwezi unaivuta bahari, watu husema, basi utashindwaje kuyavuta maji yaliyomo ndani ya mmea? Mtu wa Munich anaweza kunyamazishwa na hoja hiyo. Mtu wa Tanga hapaswi. Hapa kila mtoto aliyekulia karibu na diko la samaki anajua kwamba bamvua huja mara 2: mwezi ukiandama na mwezi ukipevuka. Katikati, mwezi ukiwa nusu, ndipo yanapokuja maji mafu. Sasa kama mchicha unaitika nguvu ile ile inayoitikiwa na bahari, basi mchicha nao ungekuwa na bamvua 2 na maji mafu 2 kila mwezi. Kalenda ya Bibi haisemi hivyo. Inasema giza la mwezi ndio wakati mbaya kuliko wote na mwezi mpevu ndio kilele. Bahari haizitofautishi siku hizo mbili. Ukienda ufukweni utayakuta maji yamejaa vilevile na yamekupwa vilevile.

Halafu nguvu yenyewe ni ndogo ajabu. Mvuto wa mwezi unaoleta kupwa na kujaa ni kama sehemu 1 kati ya milioni 10 ya uzito wa kitu. Bahari inaitika kwa kuwa ni pana na maji yake yanasukumana kutoka pwani hadi pwani. Weka ndoo ya maji uani siku ya bamvua, ukeshe nayo. Haitapanda wala kushuka. Mvuvi wa Mwanza, mwenye ziwa kubwa kuliko yote Afrika, hapangi safari kwa kupwa na kujaa, maana ziwani kwake hakuna kupwa kwa kuonekana kwa macho. Shina la mchicha lina maji ya kujaza kijiko.

Lakini mvuvi huyo huyo wa Mwanza hutazama mwezi kila jioni. Dagaa huvuliwa kwa taa, na usiku wa mbalamwezi taa yake hufifia mbele ya ule mwanga uliotanda ziwa zima, dagaa hawakusanyiki. Ndiyo maana siku hizo wengi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Hapo mwezi una kazi ya kweli, na kazi yake ni nuru. Sasa nuru hiyo inaweza kuilisha saladi? Jua hung'aa kuliko mwezi mpevu kwa kiasi cha mara 400,000. Jani linalongojea mbalamwezi lipikie chakula chake lingekufa njaa.

Sasa niwasimulie kisa cha Paris, kwa kuwa kinanifurahisha na kwa kuwa kinawahusu ninyi watu wa milimani, mliotoka Lushoto na Soni, kuliko mnavyodhani.

Watunza bustani wa Ufaransa waliuogopa mwezi mmoja kuliko yote, ule unaoandama Aprili na kupevuka mwishoni mwa Aprili au, mara nyingi zaidi, ndani ya Mei. Waliuita mwezi mwekundu, kwa ajili ya chipukizi changa walizozikuta asubuhi zimebabuka na kuwa nyekundu kama zilizopitiwa na moto. Siku moja ujumbe wa wanafalaki ulikwenda kwa mfalme Louis XVIII kumkabidhi vitabu vya mwaka vya mahesabu ya anga. Mfalme akamgeukia Laplace, bingwa wa zama zile wa kukokotoa mwendo wa mwezi, akamwomba amweleze huo mwezi mwekundu na madhara yake kwa mazao. Laplace akababaika. Katika mahesabu yake yote mwezi wa namna hiyo haukuwamo. Baadaye akamwendea mwanafalaki mwenzake, François Arago, amsaidie. Arago naye hakuwa na jibu, lakini alifanya jambo ambalo wasomi wengi huliona ni kujishusha: alikwenda kuwauliza watunza bustani wa Jardin des Plantes.

Wakamwambia hivi. Usiku wa Aprili na Mei, mwezi ukiwa unang'aa, chipukizi huganda hata kama kipimajoto kinaonyesha kwamba hewa iko nyuzi kadhaa juu ya sifuri. Mawingu yakiuziba mwezi, hazigandi, na hewa ni ile ile. Arago hakuwacheka. Walichokiona kilikuwa kweli tupu. Waliyemshitaki ndiye hakuwa mwizi. Usiku, ardhi na majani huachia joto lake kwenda juu. Kukiwa na mawingu, yanakuwa blanketi na kulirudisha. Anga likiwa safi, joto linatoroka moja kwa moja, na jani linaweza kuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka kwa nyuzi nyingi tu. Mwezi unaonekana kwa kuwa hakuna mawingu, na jani linaganda kwa kuwa hakuna mawingu. Wamekutwa pamoja mahali pa tukio, basi.

Waulizeni wenzetu wa Makete na Njombe wanaoamka Juni au Julai na kukuta sakitu imetanda nyeupe juu ya viazi. Waulizeni wa chai wa Kericho, ambao kwao huwa Januari. Usiku uliotangulia ulikuwaje? Nyota zote nje, upepo umetulia, hakuna wingu. Dawa ni kutafuta blanketi lingine: nyasi kavu, mkeka, gunia, litandazwe jioni kabla joto halijaondoka. Bibi alitumia magazeti ya zamani yaliyokandamizwa kwa mawe.

Mimi sikufunika. Mwisho wa Aprili ule nilitoa nje miche 16 ya nyanya niliyoilea dirishani tangu Machi, mwezi unakua, kalenda inasema siku njema ya matunda, na mimi nimejaa kiburi cha mwanafunzi wa kilimo. Kule watu wazima hawatoi nyanya nje kabla ya katikati ya Mei, hadi zipite siku za wale wanaowaita watakatifu wa barafu, zinazoanza Mei 11. Nilidhani ni ushirikina wa Kikatoliki. Asubuhi ya tatu miche yote ilikuwa imelala, laini na ya kijani cheusi, kama mchicha uliotoka sufuriani. Bibi alisimama kwenye ua wake akaitazama muda mrefu. Kisha akaingia kibandani akatoka na miche 6 ya kwake, iliyokuwa bado kwenye makopo.

Nimesema kalenda ilikuwa na siku za matunda. Hiyo inataka maelezo, maana ni mlango mwingine kabisa na watu huuchanganya na habari ya kukua na kupungua.

Turudi Juni 1924, kijiji cha Koberwitz karibu na Breslau, mji ambao leo ni Wrocław wa Poland. Rudolf Steiner, mwanafalsafa wa Austria, alitoa pale mihadhara 8 juu ya kilimo kwa watu wenye mashamba walioona udongo na mbegu zao zinachoka. Miezi 9 baadaye akafariki, na wafuasi wake wakajenga juu ya maneno yale kilimo kinachoitwa bayodinamiki. Miongoni mwao alitokea Maria Thun. Katika miaka ya 1950 alianza kusia figili siku baada ya siku, akaona kwamba figili za siku tofauti hazifanani, akazihusisha na kundi la nyota ambalo mwezi ulikuwa unapita mbele yake. Mwezi huzizunguka nyota hizo zote kwa siku 27 na ziada kidogo, ukue au upungue. Kalenda yake ilianza kuchapwa mwaka 1963 na ikawa inatoka kila mwaka.

Wazee wa falaki mliomo humu hamtapotea. Mwezi ukiwa katika Thauri, Sumbula au Jadi, ni siku ya mizizi. Saratani, Akrabu na Hutu, siku ya majani. Jauza, Mizani na Dalu, maua. Hamali, Asadi na Kausi, matunda na mbegu. Udongo, maji, hewa, moto. Ni mgawanyo ule ule ambao hapa pwani watu wameutumia kutazamia safari na posa. Nilipoufahamu nilicheka peke yangu mbele ya kile kibanda. Nilikuwa nimevuka bahari kwenda kusoma sayansi, nikazikuta buruji za babu yangu zimetundikwa juu ya majembe.

Nilijaribu, bila shaka. Nilisia mistari 2 ya figili, mbegu 50 kila mmoja, wa kwanza mwezi ukikua na wa pili ukipungua, kama kanuni inavyotaka kwa kitu cha mzizi. Mstari wa pili ukaota upesi, ukajaza, ukatoa figili nene nyekundu za kuvutia. Nikamkimbilia Bibi kumwambia ameshinda. Jioni nikafungua daftari. Kati ya mstari na mstari kulikuwa na siku 13, na katika siku hizo udongo ulikuwa umepanda kutoka nyuzi 6 hadi 10. Nilikuwa nimeupima mwezi, au nimelipima jua la Aprili?

Hapo ndipo majaribio mengi ya mwezi yanapokwama. Huwezi kusia siku moja katika mwezi unaokua na unaopungua kwa pamoja. Ukibadilisha mwezi umebadilisha tarehe, na tarehe inakuja na mvua yake, joto lake na urefu wa mchana wake. Ili kuutenga mwezi na hayo yote ni lazima urudie miaka na miaka, kwa mistari mingi, na anayehesabu asijue mstari upi ni wa mwezi upi. Mwaka 2020 watafiti wa Hispania waliyapitia yale yanayofundishwa juu ya mwezi na mimea, wakayalinganisha na yanayojulikana katika fizikia na biolojia, wakasema hawakuona ushahidi wa kuaminika wa kisayansi. Nakubaliana nao.

Basi kwa nini bustani ya Bibi ilikuwa nzuri kuliko zote za mtaa ule? Hili ndilo lililonichukua muda kulielewa. Kalenda yake ilimtoa ndani. Kila siku 2 au 3 ilimletea kazi nyingine, leo majani, keshokutwa mizizi, kwa hiyo alipita kwenye matuta yake mara nyingi kuliko jirani yeyote, na aliyepita mara nyingi aliwaona konokono kabla hawajamaliza saladi. Tena hakusia pakiti nzima kwa mkupuo. Siku ya majani alisia mstari mmoja mfupi; siku ya majani iliyofuata, mwingine. Sisi wengine tulikuwa na saladi 40 wiki moja na hakuna hata moja wiki 3 baadaye. Yeye alikuwa nazo tangu Mei hadi baridi irudi.

Na alikuwa na kitu kingine. Mfukoni mwa aproni alichukua kipimajoto kirefu cha kuchomeka, kile wanachotumia jikoni kwa nyama ya kuoka. Asubuhi moja ya Machi kalenda ilimpa siku ya matunda na mbegu, na alikuwa na njegere zimelowekwa tangu jana usiku, zimevimba ndani ya bakuli. Akapiga goti, akachomeka kipimajoto ardhini kina cha kidole, akangoja. Nyuzi 3. Akachota udongo, akaufinya kiganjani. Alipofungua mkono tonge lilibaki zima, limeng'aa, na alama za vidole vyake zimechorwa juu yake. Akalisukuma kwa kidole gumba, halikuvunjika. Akafuta kipimajoto kwenye aproni, akachukua bakuli lake la njegere na kuelekea kibandani. Nilimfuata nikimwonyesha kalenda. Akasema mwezi utarudi. Njegere zile tulizila siku hiyo hiyo, kwa siagi.

Alikuwa sahihi kwa kipimo chochote. Njegere huanza kuota kwa uhakika udongo ukifika nyuzi 5 hivi. Maharage yanataka 10 na zaidi, na nyanya hali kadhalika. Chini ya hapo mbegu inakunywa maji na kukaa, inakaa hadi inaoza. Na udongo wa mfinyanzi ukikanyagwa ukiwa katika hali ya lile tonge hugeuka tofali, na utaukuta tofali hata mvua ijayo.

Nilichokiona kwa Bibi nimekikuta tena na tena baadaye: waliolima kwa mwezi wakafanikiwa walikuwa na kitu kingine cha kuwaambia majira. Mwezi hauna habari hiyo. Wakulima wa Ireland walizoea kupanda viazi Ijumaa Kuu. Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21, kwa hiyo Ijumaa Kuu kwa kawaida huja mwezi ukishapevuka na kuanza kupungua, na kanuni ya viazi inatimia bila mtu kuinua kichwa. Lakini Ijumaa Kuu hiyo inaweza kuwa Machi 20 na inaweza kuwa Aprili 23. Siku 34 katika machipuko ya Ulaya ni tofauti ya kiazi kulala kwenye tope baridi na kiazi kutoa macho.

Sisi wa pwani tulilijua tatizo hili mapema, kwa sababu tunaishi na miaka miwili nyumba moja. Lugha yetu inauita mwezi wa angani na mwezi wa kalenda kwa neno moja, na miezi 12 ya kuandama ina siku 354 au 355, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Ramadhani uliyofunga utotoni wakati wa masika, utaifunga katika jua kali, kisha katika vuli, na itachukua kama miaka 33 kurudi pale pale. Fikirini babu angewaachia wosia kwamba mtama upandwe Mfunguo Tano. Wosia huo ungewalisha miaka michache tu, kisha mngekufa njaa.

Wazee hawakuacha wosia wa namna hiyo. Walikuwa na mwaka mwingine, wa jua, ulioanzia Nairuzi, siku ya mwaka, ambayo Makunduchi bado wanaiadhimisha kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Tangu siku hiyo walihesabu siku kwa makumi, mwongo kwa mwongo, hadi 365. Nahodha alijua mwongo wa kuufunga msimu, mkulima akajua mwongo wa kuanza kufyeka. Mwezi waliuachia funga, sikukuu na bamvua. Juu yao, angani, kulikuwa na Kilimia, lile kundi dogo la nyota lililopewa jina kutokana na kulima, ambalo likizama wakati wa mvua huzuka wakati wa jua. Hesiod, yule yule wa siku ya 13, aliwaambia watu wake waangalie nyota hizo hizo: zikizuka wavune, zikizama walime. Yeye na wazee wetu hawakuwahi kuonana.

Sasa tuje kwenye Machi yetu, maana naona saa.

Masika yako mlangoni. Wa Lushoto, matuta ya kukinga maji yawe tayari sasa, kabla mvua ya kwanza haijaanza kuubeba udongo. Samadi iwe imeoza, isiwe ile inayotoa mvuke ukiichimbua. Kabichi iko kitaluni, vizuri. Nyanya za masika nawahurumia, kwa sababu ya bakajani. Anayezitaka azipande kwa nafasi, azifunge kwenye vijiti, aondoe majani ya chini yanayogusa ardhi. Karoti haihamishwi, mbegu yake ipandwe pale itakapokaa. Watu wa huku chini, mchicha na bamia hazina haja ya kungoja mhadhara wangu.

Kabla ya yote, lile tonge. Finya udongo. Ukibaki mzima na kung'aa, rudi nyumbani. Ukivunjika ukiugusa, ingia shambani.

Na mwezi? Mimi naukaribisha kama saa ya bure, ambayo haina betri wala vocha. Ukiandama, sia mstari mmoja wa mchicha. Ukifika nusu, mwingine. Ukipevuka, wa tatu, na nusu ya kupungua, wa nne. Kila robo ni kama siku 7. Hutakuwa na mzigo wa mchicha wa kugawa kwa majirani wiki moja na meza tupu wiki zinazofuata. Na kama babu alisema karoti ni za mwezi unaopungua, zisie mwezi unaopungua kwa heshima yake, mradi udongo umeshakubali.

Nilikuwa na mengine, lakini tangu nilipoanza kusema nimekuwa nikiitazama meza hii. Mzee wa safu ya mbele alipoingia aliweka hapa vipande 2 vya mwanzi. Kimoja, anasema, kilikatwa giza la mwezi na kingine mwezi mpevu. Hiki cha kulia kinamwaga unga wa bungua, umeshafika kwenye karatasi zangu. Hiki kingine ni kizima. Ni hoja ya wazee wote wa pwani, na ameileta kwa mkono. Bungua hufuata wanga, na wanga ndani ya mwanzi hupanda na kushuka kwa majira na kwa umri wa mwanzi. Kwa hiyo mzee, shikamoo, njoo huku mbele ukae karibu na kipaza sauti. Kabla hatujaufikia mwezi, tuambie hivi viwili ulivikata wakati gani wa mwaka, na kila mmoja ulikuwa na miaka mingapi.